Sufu na Kitani, Ng'ombe na Punda: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila darasa la Biblia likifika Walawi 19, kwenye sheria za kutochanganya aina mbili, maswali ni yale yale, na majibu yanaandikwa upya kwenye grupu halafu yanapotelea huko kwenye salamu za asubuhi na matangazo ya michango. Nimeyakusanya hapa. Ukikuta swali lako limejibiwa nusu, angalia na lile lililotajwa pembeni yake, sijarudia mambo mara mbili mbili.

## Ya msingi kwanza

Hizi sheria za kutochanganya ziko wapi hasa kwenye Biblia?

Sehemu kuu ni mbili. Walawi 19:19 inataja mambo matatu: usipandishe mnyama wa aina moja na wa aina nyingine, usipande shamba lako mbegu za aina mbili, usivae nguo iliyochanganya namna mbili. Kumbukumbu la Torati 22:9-11 inarudi pale pale lakini inaingia ndani zaidi, shamba sasa ni shamba la mizabibu, wanyama hawapandishwi ila wanafungwa jembe moja, ng'ombe na punda, na nguo inatajwa kabisa kwamba ni sufu na kitani. Soma zote mbili kwa pamoja. Wengi wanasoma ya Walawi peke yake halafu wanaanza kuhangaika na shati la poliesta bure.

Kwa hiyo kuchanganya kitu chochote ni dhambi?

Hapana, na hapa ndio wengi wanateleza. Sheria inataja mbegu, mizabibu, wanyama na nguo, basi. Chakula sufuriani hakimo. Ezekieli 4:9 nabii anaagizwa na Mungu mwenyewe achukue ngano, shayiri, kunde, dengu na mtama avitie kwenye chombo kimoja aoke mkate, yaani unga wa lishe kabisa. Ile ya mbuzi na maziwa ya mama yake (Kutoka 23:19) ni sheria nyingine, ina mjadala wake, tusiilete huku.

Nani aliamua mipaka yake, maana Biblia imesema kwa kifupi sana?

Marabi, yaani walimu wa sheria wa Kiyahudi. Mishna, ule mkusanyiko wa sheria za mdomo za Wayahudi uliokamilika kama mwaka 200 baada ya Kristo, una kitabu kizima cha mambo haya kinaitwa Kilayim, sura 9. Humo kila mchanganyiko una uzito wake. Mizabibu ndio mkali kuliko yote, mazao yake huyali, huyauzi, hayakufaidishi chochote, yanachomwa. Mbegu za kawaida umekatazwa kuzipanda pamoja ila zikishaota na kuzaa unakula tu. Wanyama waliozaliwa kwa kuchanganywa unaruhusiwa kuwafuga, kosa lilikuwa kuwapandisha. Na nguo kosa ni kuvaa, kuitengeneza au kuiuza sio kosa. Ukiushika mpangilio huu nusu ya maswali ya hapo chini umeshayajibu.

## Nguo

Lebo ya shati langu inasema pamba 60, poliesta 40. Nimevunja sheria?

Hujavunja kitu. Kinachokatazwa ni sufu ya kondoo na kitani, hivyo viwili vikiwa pamoja. Pamba na poliesta, pamba na sufu, hariri na kitani, vyote ruksa. Hata manyoya ya ngamia Mishna haiyahesabu kuwa sufu. Na kwa wanaouliza, kitani hapa ni nguo ya nyuzi za ule mmea wa Misri na Palestina, haihusiani na katani ya Tanga.

Nikivaa sweta la sufu juu ya shati la kitani je?

Wayahudi wanaruhusu, kwa sababu nguo mbili hazijaunganishwa. Shida inaanza zikishonwa pamoja. Mshono mmoja Mishna inasema bado haujaunganisha, miwili tayari. Lakini nguo ambayo yenyewe ina mchanganyiko huivai hata kama chini yake umevaa nguo kumi na haikugusi ngozi, na hata kama unaivaa ili tu upite nayo forodhani usitozwe ushuru. Hilo la ushuru limeandikwa kabisa, kwa hiyo ujue kuna watu walikuwa wanafanya.

Wayahudi wa leo wanajuaje kama suti ina kitani ndani?

Wanaipeleka maabara, sio utani. Joseph Rosenberger, mkimbizi Myahudi kutoka Vienna, alifungua maabara ya namna hiyo Brooklyn, New York, mwanzoni mwa miaka ya 1940, na leo zipo kwenye miji mingi yenye Wayahudi wanaoshika torati. Lebo haitoshi kwa sababu lebo inaongelea kitambaa cha nje. Kitani kinajificha kwenye kola, kile kitambaa kigumu cha ndani kinachofanya kola isimame, au kwenye mabega, au kwenye uzi wa kushonea vifungo. Mkaguzi anafumua kidogo sehemu ambayo haionekani, anachomoa nyuzi chache anaziweka chini ya darubini. Uzi wa sufu unaonyesha magamba yaliyopandana, wa kitani una vifundo kila baada ya nafasi kama mwanzi. Akikuta kitani kwenye suti ya sufu, fundi anatoa kile kipande cha kola anaweka cha pamba, suti inarudi kuwa halali, mwenye nayo anaenda nayo harusini.

Na ndio, zile suti za sufu za mtumba zilizoshonwa kwa mkono Ulaya zamani zinaweza kuwa na kitani kwenye kola. Kama wewe sio Myahudi haikuhusu, vaa tu (angalia sehemu ya Wakristo huko chini).

Sasa mbona makuhani wenyewe walivaa sufu na kitani?

Hili ndilo swali bora kuliko yote kwenye ukurasa huu, na usipolijibu vizuri maelezo yako mengine yote yanalegea.

Fungua Kutoka 28 na 39. Naivera (vazi la juu la kuhani mkuu), kile kifuko cha kifuani na mshipi vimefumwa kwa kitani safi pamoja na nyuzi za buluu, zambarau na nyekundu, na nyuzi za rangi zilikuwa za sufu, maana kitani kwa rangi za zamani kilikuwa kinagoma. Mapazia ya hema ya kukutania, Kutoka 26, mchanganyiko ule ule. Yaani kile ambacho mkulima wa kawaida akivaa ana kosa, kuhani anaambiwa akivae, na nyumba ya Mungu yenyewe imefunikwa nacho.

Josephus, Myahudi aliyeandika historia karne ya kwanza na yeye mwenyewe wa ukoo wa makuhani, anasema wazi kwamba nguo ya sufu na kitani imekatazwa kwa wengine kwa sababu imetengwa kwa ajili ya makuhani. Sasa rudi Kumbukumbu 22:9, inasema ukichanganya kwenye shamba la mizabibu mavuno yote yanaondoka mikononi mwako yanakuwa wakfu. Hayakuitwa machafu. Mtaalamu wa Walawi Jacob Milgrom aliishikilia sana hii, kwamba mchanganyiko ni mali ya patakatifu, na mtu wa kawaida anakaa mbali nao kama anavyokaa mbali na madhabahu. Mimi binafsi naona hii ndio tafsiri inayobeba ushahidi mwingi kuliko nyingine. Yeyote anayekuhubiria kwamba sufu na kitani ni najisi, muulize Haruni alivaa nini.

Na vishada?

Kumbukumbu 22:11 inakataza sufu na kitani, mstari unaofuata tu, wa 12, unaagiza vishada kwenye pembe nne za vazi, na Hesabu 15:38 inataka kwenye vishada kuwe na uzi wa buluu, ambao ulikuwa wa sufu. Marabi waliona hiyo mistari imekaa jirani kwa makusudi, kwamba uzi wa sufu kwenye vazi la kitani uliruhusiwa kwa ajili ya vishada. Ukienda na maelezo ya swali lililopita inaleta maana, kila Mwisraeli alikuwa na kauzi kamoja ka ukuhani kwenye pindo.

## Shamba

Mahindi na maharage shamba moja, ni dhambi?

Hapana kwako. Sheria ya mbegu za shambani, kwa marabi, inashika nchi ya Israeli tu, na inamshika Myahudi. Mkulima wa Mbeya kwa hiyo hayumo mara mbili. Jamii ya Abayudaya karibu na Mbale, Uganda, Wayahudi wanaotokana na harakati za Semei Kakungulu mwaka 1919, wao sheria ya nguo inawafuata hapo hapo walipo, ila ya mbegu za shambani haiwafuati nje ya Israeli.

Na hata Israeli hakuna aliyeambiwa apande zao moja nchi nzima. Ilikuwa ni kutenganisha. Mishna inaeleza kitanda cha bustani cha upana wa viganja sita kwa sita, karibu nusu mita kila upande, na inasema unaweza kupanda humo aina tano za mboga, nne kwenye pande nne na moja katikati. Chora kwenye karatasi utaona jinsi ilivyo finyu, lakini kila aina inaonekana na mahali pake. Isaya 28:25 ina mkulima wa hivyo hivyo, ngano kwa safu, shayiri mahali pake, nyingine pembezoni.

Mbegu zikichanganyika kwa bahati mbaya kwenye gunia?

Kuna kipimo. Mbegu ngeni ikifika sehemu moja ya ishirini na nne unatakiwa uipunguze kabla ya kupanda, chini ya hapo endelea. Halafu ngano na yale magugu yanayofanana nayo, yale ya mfano wa Yesu kwenye Mathayo 13, Mishna inasema sio mchanganyiko, marabi waliona magugu yale ni ngano iliyoharibika.

Kuna mtu alikuwa anakagua mashamba kweli?

Alikuwepo, na kisa chake kinachekesha. Tarehe 1 mwezi wa Adari, kama Februari-Machi, ilitangazwa kwamba watu wasafishe mashamba, na tarehe 15 wajumbe wa mahakama wanatoka kukagua. Mwanzoni walikuwa wanang'oa mimea iliyochanganyika wanaitupa mbele ya mwenye shamba. Mwenye shamba akafurahi mara mbili: amepaliliwa bure, na majani anapelekea mifugo. Wakaona haifai, wakaanza kuitupa barabarani. Bado wenye mashamba wakafurahi, palizi ya bure ipo pale pale! Mwisho wakaamua shamba lote likutwalo na mchanganyiko litangazwe halina mwenyewe, anayetaka aingie avune. Hapo ndio watu wakaanza kupalilia wenyewe.

Zabibu je, mbona ukali umezidi?

Tumeshaona kwamba mavuno yanachomwa. Nafasi nayo ni kubwa, nafaka inatakiwa ikae dhiraa nne kutoka shamba la mizabibu, kama mita mbili. Na tofauti na mbegu za kawaida, hii marabi waliiendeleza hata nje ya Israeli. Mkulima wa zabibu Dodoma anayeweka karanga katikati ya mistari asiogope, bado ni sheria ya Wayahudi.

Miche ya kubebesha, mfano chungwa juu ya shina la limau?

Kubebesha embe juu ya embe au parachichi juu ya parachichi sio tatizo, ni aina moja. Chungwa juu ya limau, ambayo ndio kawaida kwenye vitalu vingi vya huku kwetu, Myahudi hafanyi popote alipo, hii haina mpaka wa nchi. Tunda lenyewe lakini anakula. Isipokuwa lile tunda la etrogi, linalofanana na limau kubwa, la sikukuu ya Vibanda, likitoka kwenye mti uliobebeshwa kwenye limau halikubaliki kwa ibada, na ndio maana wanunuzi wanauliza sana limetoka shamba gani.

Mahindi chotara na GMO (mazao yaliyobadilishwa vinasaba)?

Chotara ni mahindi kwa mahindi, hakuna aina mbili hapo. GMO marabi wenyewe wanabishana, hoja ya wanaoruhusu ni kwamba sheria inakataza kupanda pamoja na kupandisha, na kuhamisha vinasaba maabara sio kimojawapo. Ukiona mtu ananukuu Walawi 19:19 kupinga GMO, anaweza kuwa na sababu nzuri za kupinga, ila mstari huo peke yake haumsaidii.

## Wanyama

Kama kupandisha farasi na punda kumekatazwa, Daudi alipata wapi nyumbu?

Nyumbu wa kupanda na kubeba mizigo, sio wale wa Serengeti. Ni kweli, wana wa Daudi walipanda nyumbu (2 Samweli 13:29), Absalomu alinasa kwenye mwaloni akiwa juu ya nyumbu, Sulemani alipelekwa kutiwa mafuta juu ya nyumbu wa baba yake (1 Wafalme 1), na waliorudi kutoka Babeli walikuja na nyumbu 245 (Ezra 2:66). Hakuna nabii aliyewakemea. Jibu la marabi ni lile la mwanzo, kumfuga na kumpanda ruksa, kumzalisha ndio kosa, kwa hiyo unamnunua kwa wageni. Wengine wanaona ni ujanja. Mimi naona ni sheria inayomhusu mtu na mkono wake, mnyama akishazaliwa hana hatia ya kuzaliwa.

Ng'ombe na punda kwenye plau moja, ni huruma kwa punda?

Ibn Ezra, mfasiri wa karne ya 12, alisema hivyo, nguvu za punda sio za ng'ombe. Aliyewahi kushika plau anajua, nira inalala upande wa mfupi, dume anavuta punda anaburutwa, mstari unapinda na shingo ya punda inachubuka. Wengine wakaongeza kwamba ng'ombe anacheua, punda akimwona anadhani mwenzake anakula na yeye kanyimwa. Nzuri, ila huruma peke yake haielezi kitani. Marabi waliipanua kwa jozi yoyote ya wanyama wa aina mbili tofauti, na sio kulima tu hata kuvuta mkokoteni, na abiria aliyekaa juu ya mkokoteni naye anachapwa viboko sawa na dereva, ingawa Rabi Meir alimtetea abiria.

Kupandisha Friesian na zebu?

Wote ng'ombe. Endelea, maziwa yaongezeke.

## Kwa nini basi?

Sababu yenyewe ni ipi?

Biblia haisemi, na Rashi, mfasiri wa Kiyahudi wa Ufaransa, anaishia hapo, ni amri ya mfalme. Maimonides, rabi na mwanafalsafa aliyefariki Misri mwaka 1204, alisema makuhani wa sanamu walivaa sufu na kitani kwa hiyo Israeli wakakatazwa kuiga. Shida ni kwamba makuhani wa Israeli nao walivaa. Nachmanides, rabi wa Hispania karne ya 13, akasema anayechanganya aina ni kama anamwambia Mungu uumbaji wako haukukamilika. Mwaka 1966 Mary Douglas, mwanaanthropolojia aliyekaa na Walele wa Kasai kule Kongo, akaandika kwamba utakatifu kwenye Walawi ni kila kitu kuwa kizima na kukaa kwenye kundi lake, na yuko karibu na Nachmanides kuliko watu wanavyodhani, wote wawili wanarudi Mwanzo 1, kila kitu kwa jinsi yake. Kuna na midrashi (masimulizi ya marabi juu ya Biblia) kwamba kitani kilitoka sadaka ya Kaini na sufu ya Habili. Ni hadithi tamu, ila Mwanzo 4 haitaji kitani.

Uweke uumbaji wa Mwanzo 1 pamoja na jibu la makuhani hapo juu upate picha yangu: Mungu alitenganisha, na mahali vinapokutana tena ni kwake. Maelezo ya afya au kilimo bora hayashiki, maharage yanaongeza naitrojeni kwenye udongo na mahindi yanafaidi.

Kuna meseji inasema sufu na kitani vina "frikwensi" zinazofutana na kuleta magonjwa?

Ifute. Kitambaa hakina frikwensi ya uponyaji, na kama ingekuwa inaua, kuhani mkuu angekuwa wa kwanza.

## Wakristo, ndoa na mengine

Mkristo anabanwa na sheria hizi?

Matendo 15 mitume waliwaandikia watu wa mataifa wajiepushe na mambo manne, nguo na mbegu hazimo. Wakolosai 2:16-17 inaita mambo ya namna hii kivuli.

Lakini Paulo anasema tusifungiwe nira na wasioamini?

2 Wakorintho 6:14 inachukua picha ya ng'ombe na punda, ni kweli, ila anaongelea imani na ibada ya sanamu.

Basi ndoa za makabila au rangi tofauti ni kuchanganya aina?

Hapana, na anayelisema hili anatumia Biblia kufunika ukabila wake. Aina kwenye Walawi ni ng'ombe na punda, ngano na zabibu, binadamu ni aina moja. Musa alioa Mkushi, Miriamu aliposema vibaya aliyepata ukoma ni Miriamu (Hesabu 12). Ruthu Mmoabu ni bibi yake Daudi mzaa babu. Ndoa zilizokatazwa Kumbukumbu 7 zimepewa sababu hapo hapo, watawageuza watoto wenu kuabudu miungu mingine. Mjomba akisimama kwenye kikao cha mahari na Walawi 19:19 mkononi, mpe Hesabu 12 asome kwa sauti.

Waislamu wana kitu kama hiki?

Cha nguo ya sufu na kitani hapana. Kwa wanyama kuna hadithi ya Ali kwenye Abu Dawud, Mtume alipewa nyumbu akampanda, Ali akasema tungepandisha punda na farasi tungepata wa hivi, Mtume akajibu wanaofanya hivyo ni wasiojua. Na Sura An-Nahl aya ya 8 inawataja nyumbu kama neema ya kupanda. Kumpanda ruksa, kumzalisha hakupendezi, umeona inavyofanana na swali la Daudi.

## Maswali ya pembeni kabisa

Maiti anaweza kuvikwa sanda ya sufu na kitani?

Mishna inaruhusu. Aliyekufa hadaiwi amri.

Muuza nguo anayejitundika bidhaa mabegani, anahesabiwa amevaa?

Wamachinga wa Galilaya nao walikuwa nalo swali hili! Jibu: auze kama kawaida yake, mradi asikusudie zimkinge jua wakati wa jua au mvua wakati wa mvua, akikusudia hivyo ameshavaa. Wale waangalifu zaidi, Mishna inasema, walikuwa wanazitundika kwenye fimbo wanabeba fimbo begani.